Modi yangu ya shaba kutoka Ufilipino baada ya mwaka mmoja na miezi saba: tamu sana, lakini haina fyuzi

Hii modi, yaani bomba la veipu (sigara ya umeme), nimekuwa nayo mwaka mmoja na miezi saba, kwa hivyo siongei kama mtu aliyefungua boksi jana akaanza kusifu. Nimeitumia kila siku, imeanguka kwenye saruji mara mbili, imepita Ramadhani mbili (mchana yalala kabatini, usiku yafanya kazi), imekula joto na chumvi ya Mombasa, na nasema bila kusita ndo kitu kizuri zaidi cha kuvutia nimewahi kushika mkononi. Na bado watu watatu washaniomba niwatafutie kama hii na wote watatu nimewakatalia. Nataka nieleze vizuri kwa nini, manake hapa kwetu zimeanza kuonekana na watu wananunua kwa ajili ya ung'aro tu.

Kwa asiyezijua, modi ya kimakanika ni bomba la madini, betri moja ndani, swichi chini, na juu unafunga dripa, kikombe chenye koili (waya uliosukwa unaopata moto) na pamba unayoitonesha juisi ya veipu igeuke mvuke. Basi. Hakuna skrini, hakuna chipu, hakuna cha kuhesabu wati, hakuna cha kukata umeme koili ikipiga shoti. Ukibonyeza umeme watoka kwa betri wapita kwa shaba waingia koili warudi, ukiachia wakatika. Mie kazi yangu ni umeme wa magari, miaka 14 sasa nafunga na kufungua waya, na wenzangu wa gereji nawaelezea hivi: chukua gari, ng'oa boksi lote la fyuzi, unga waya moja kwa moja. Gari litawaka na litatembea vizuri tu, mpaka siku waya mmoja utakaposugua bodi.

Niliipata kwa binamu yangu ambaye ni baharia. Kwenye meli yao kulikuwa na Wafilipino wengi, na Wafilipino kwenye huu mchezo ndo wenyewe, wao na Wagiriki na Wamarekani, ndo watu walioanza kukaa na mashine za kukerezea wakatoa mabomba ya shaba kwa idadi ndogo ndogo yenye namba zimechongwa chini. Mmoja wao alikuwa anataka kuhamia kubwa zaidi, akaiuza. Binamu akanipigia simu, "Ndugu yangu, kuna kitu hapa kimekaa kama kile ulichonionyesha kwa simu, nikuchukulie?" Nikamwambia nitumie picha ya hesi na picha ya swichi imefunguliwa, hizo mbili tu, ung'aro wa nje siutaki. Akatuma. Hesi zilikuwa safi, hakuna jino lililokatika, na plastiki ngumu ya kutenganisha umeme kwenye swichi ilikuwa nzima. Ikanigharimu shilingi elfu 14 na mia tano pamoja na dripa, mtumba. Mpya ya aina hii ingekuwa karibu mara mbili.

Jina la mtengenezaji nitaliacha kando, manake yote nitakayoyasema yanahusu bomba lolote la shaba lililokerezwa vizuri, na sitaki mtu akimbilie jina akaletewa feki yenye nembo hiyo hiyo.

Sasa kitu chenyewe. Ni shaba nyekundu tupu, bila rangi wala laka, inachukua betri ya 18650, ile ya kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na bila betri ina gramu 172 (nimeipima, mbele nitasema wapi). Ukiishika unajua umeshika kitu. Kifuniko cha juu kinaingia kwenye hesi laini mpaka ukikizungusha kwa kidole kimoja kinateremka chenyewe bila kukwaruza, na ukifika mwisho mstari wa maungio hauonekani isipokuwa uuelekeze kwenye taa. Mie nimefanya kazi na mafundi wa kukereza miaka mingi, najua ugumu wa kupata hesi namna hiyo kwenye shaba, manake shaba ni laini na yanata kwenye kisu cha mashine, inachanika badala ya kukatika. Aliyeifanya hii alikuwa na mkono.

Swichi ni ya sumaku, mbili zinasukumana ndani, hakuna springi. Ukibonyeza inashuka laini alafu inagota, ukiachia inarudi bila kelele, na baada ya muda huu wote kidole changu chajua kabisa ni wapi umeme unashika. Sumaku ina ubaya wake: hizi zenye nguvu za kawaida zikifika kama nyuzi 80 za joto zinaanza kupoteza nguvu na hazirudi. Ndo maana kuna watu wanataka springi. Mie nimebaki na sumaku lakini nina sheria moja, ikipata joto la kuhisi mkononi naiweka chini natoa betri, sisubiri kuona.

Ladha na moshi: hakuna kusubiri. Modi zenye chipu, hata nzuri, nyingine zina kasekunde kadogo kabla koili haijashika. Hii ukibonyeza ishafika. Nikitia juisi ya embe, betri ikiwa imejaa, mvuto wa kwanza unakuja mnene na wa moto alafu kadiri betri inavyoshuka nao unatulia, unakuwa wa polepole, kiasi kwamba bila skrini yoyote naweza kukwambia betri imebaki kiasi gani kwa kuhisi ulimi tu. Kuna watu hili linawaudhi, wanataka mvuto uwe ule ule asubuhi mpaka jioni. Mie nalipenda, lakini nakubali ni suala la mtu na mtu.

Haya, betri. Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo kwenye hatari yote.

Betri ya kwanza niliyonunua hapa mjini, duka silitaji, niliambiwa ni orijino kabisa, imeandikwa 9900mAh (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi) kwa herufi kubwa. Wallahi hiyo namba peke yake ilitosha kunifanya nitoke dukani, betri ya kweli ya saizi hiyo haifiki hata nusu ya hapo. Lakini nilinunua kwa makusudi ili nione. Nikaenda nayo kwa sonara mmoja mzee Mji wa Kale, yule ambaye mama yangu alikuwa akinunua pete kwake, nikamwambia, "Shikamoo mzee, nataka kukusumbua mizani." Akaitikia marahaba, akacheka, akasema leo umeleta dhahabu gani mwanangu. Nikaweka ile betri: gramu 29. Nikaweka Samsung 25R yangu, betri ya kweli: gramu 44. Nikaweka na modi yenyewe palepale, ndo zile gramu 172. Mzee aliangalia akasema kwa sauti ya chini, "Hii moja ina hewa." Na ni kweli, betri ya kweli ya 18650 ya kutoa ampea nyingi inacheza kwenye gramu 44 mpaka 48, ikiwa nyepesi sana ujue ndani kuna kibetri kidogo kimevishwa koti kubwa, ama ni betri ya laptopu mbovu imevuliwa ngozi ikavishwa nyingine. Kwenye tochi itawaka, sawa. Kwenye bomba la shaba lisilo na fyuzi unataka kuiwekea mdomo?

Namba muhimu kwenye betri si mAh, ni ampea zinazoweza kutoka mfululizo bila betri kuchemka. Samsung 25R ina 2500mAh na ampea 20. Sony VTC5A, ambayo tangu 2017 iko chini ya Murata, ina 2600mAh na ampea 25. Alafu ni hesabu ya darasani tu, volti gawanya kwa omu, yaani ukinzani wa koili. Koili yangu ni 0.26 omu, betri iliyojaa ni volti 4.2, kwa hivyo ampea ni 16 na kidogo, na wati kama 68. Niko chini ya 20 nikiwa na nafasi ya kupumua. Mtu akitengeneza koili ya 0.1 kwa sababu ameona video ya moshi, ni ampea 42, na hakuna betri ya 18650 nayoiamini kwa hizo. Chipu ingemkatalia. Bomba halikatai, litampa zote 42 mpaka betri ichoke ama ipasuke.

Na watengenezaji wenyewe, Samsung, LG, Sony, washasema wazi hizi seli hazikutengenezwa zibebwe moja moja mfukoni wala zitiwe kwenye veipu. Nalisema hili manake ni haki msomaji alijue. Mie nimechagua kuzitumia nikijua hivo, na ndo maana nazitunza kama mayai.

Koili nasuka mwenyewe, waya wa nikromu geji 24, raundi 8 kwenye upana wa milimita 3, mbili sambamba, zinanipa hiyo 0.26. Kabla dripa haijagusa modi inakaa kwanza kwenye kipima omu, kila mara, hata kama nimebadilisha pamba tu na sijagusa waya. Sababu ni kwamba mguu wa koili ukilegea nusu milimita ukagusa kikombe cha dripa, kipima kinaonyesha 0.05 ama sifuri, na ungeifunga moja kwa moja kwenye bomba hiyo sifuri ungeiona kwa njia nyingine. Dakika moja ya kupima. Mara mbili kwa huu muda kipima kimeniokoa, moja wapo bisibisi ilikuwa imeacha kinyweleo cha waya chini ya nguzo ya kufungia koili, chembamba kama unywele wa mtoto, nisingekiona kwa macho.

Sasa kifuniko cha juu. Hii yangu haina pini ya katikati, dripa yenyewe ndo inashuka inagusa kichwa cha betri moja kwa moja. Umeme unapita vizuri zaidi manake kuna maungio machache, na ndo hapo kuna mtego ambao wauzaji hawausemi. Pini ya chini ya dripa lazima iwe imechomoza, angalau milimita moja nje ya hesi, na iwe imara isirudi ndani ukiisukuma. Ikiwa iko sawa na hesi, kichwa cha betri kitagusa pini, ambayo ni chanya, na ukingo wa hesi, ambao ni hasi, kwa pamoja. Hiyo ni shoti ya moja kwa moja ndani ya bomba lililofungwa, pale pale unapobonyeza swichi. Tangi nyingi za dukani (vikombe vinavyobeba juisi ndani badala ya dripa) zina pini fupi ama inayocheza. Kwa hivyo mtu akikwambia nitilie tangi yangu kwenye hiyo modi yako nijaribu, jibu ni hapana, na usione haya.

Haya si maneno ya kutishana. Mei 2018 kule St. Petersburg, Florida, mtu aliuawa na veipu iliyolipuka, vipande vilimwingia kichwani. Januari 2019 Fort Worth, Texas, kijana wa miaka 24 alikatwa mshipa wa shingo na kipande cha veipu yake akafa siku mbili baadaye. Betri ya lithiamu ikichemka inatoa gesi kwa nguvu, na gesi ikiwa ndani ya bomba la madini lisilo na pa kutokea, hilo ni kombora. Ndo maana kitu cha kwanza nilichokiangalia modi ilipofika, kabla hata ya kuifuta vumbi, ni matundu ya kupumulia. Yangu ina matatu chini karibu na swichi. Modi isiyo na matundu irudishe, hata kama ni ya dhahabu.

Nije kwa utunzaji, ambao mie naupenda kupita kuvuta kwenyewe.

Mombasa ni adui wa shaba. Ukiing'arisha Ijumaa mpaka unaona uso wako, Jumatatu ishakuwa kahawia, wiki mbili ina madoa kama ramani, na ukiiacha mwezi mahali penye unyevu inaanza kuota ule ukoga wa kijani kwenye hesi. Mikono nayo inanuka shaba na vidole vinaachwa na weusi. Mwanzo nilihangaika na dawa za kung'arisha za kopo, zinafanya kazi lakini zinaacha utando mweupe kwenye hesi na harufu inayopanda mpaka kwenye mvuke. Alafu nikakumbuka nyanya yangu. Alikuwa na siniya mbili za shaba na birika la kahawa, na kila kabla ya Idi alikuwa akikaa kibarazani na nusu ya ndimu, anaichovya kwenye chumvi, anasugua kwa duara dogo dogo, anasuuza, anasugua tena kwa kitambaa kikavu. Nikafanya vile vile. Ndimu na chumvi inatoa ule weusi kwa dakika mbili, unauona kabisa unayeyuka, shaba inatoka na rangi ya waridi kama imezaliwa upya.

Ila kuna masharti ambayo siniya haikuwa nayo. Kwanza unafungua kila kitu: sumaku nje, plastiki ya swichi nje, vituo vya umeme nje. Kituo cha chini cha yangu kimepakwa fedha, na fedha hiyo ni ngozi nyembamba sana, ukiisugua kwa chumvi imeenda. Hiyo naipangusa na spiriti ya duka la dawa na pamba, basi. Pili, ndimu isikae. Dakika mbili, maji mengi, na kwenye hesi napitisha mswaki wa zamani na sabuni, manake asidi ikibaki kwenye hesi kesho yake ina weusi mbaya kuliko wa mwanzo. Tatu, ikauke kabisa, mie naiweka juani kwenye dirisha saa nzima, bomba limesimama na kifuniko kimelala, kabla betri haijakaribia. Hii kazi nzima naifanya Jumapili asubuhi, redio ikiwa imewashwa, inanichukua kama dakika 40 na sijawahi kuiona ni mzigo. Nje huwa siing'arishi tena, nimeiacha ichukue rangi yake ya kahawia ya kikahawa, inapendeza. Nang'arisha hesi na vituo tu, manake hapo ndo umeme unapita.

Na kama wadhani hesi chafu ni suala la urembo, nilipima. Kwenye gari ukitaka kujua waya wa stata unakula umeme kiasi gani unapima volti huku mtu anapiga stata. Nikafanya hivo hivo, pini za multimita kwenye nguzo mbili za dripa, nabonyeza swichi, nasoma. Betri ilikuwa na 4.1 imekaa. Kabla ya kusafisha, baada ya wiki tatu za uvivu, nguzo zilisoma 3.58. Nikasafisha, nikachaji mpaka pale pale, nikapima tena: 3.83. Robo ya volti ilikuwa inapotea kwenye uchafu, na umeme ukipotea haupotei bure, unageuka joto kwenye bomba na kwenye swichi. Kuna wanaobishana shaba nyekundu na shaba njano ipi bora, kweli shaba njano inapitisha umeme kama asilimia 28 tu ya shaba nyekundu, lakini kwenye ukuta mnene namna hii tofauti ni ndogo, hesi chafu ya shaba nyekundu itashindwa na hesi safi ya shaba njano siku zote.

Kosa langu mimi lilikuwa ngozi ya betri. Ile plastiki nyembamba ya rangi inayofunika betri si urembo, ni kizuizi, manake kopo lote la betri ni hasi, kuanzia chini mpaka kwenye ukingo wa juu, na kichwa chanya kiko katikati umbali wa milimita chache tu. Usiku mmoja nimetoka kazini nimechoka nikaingiza betri bila kuitazama. Baada ya mivuto mitatu nikahisi vuguvugu juu karibu na kifuniko, mahali ambapo huwa hapapati joto. Nikafungua haraka, nikaitoa kwa kitambaa, nikaiweka kwenye vigae nje mlangoni. Ilipopoa nikaiangalia na tochi ya simu: kwenye ukingo wa juu ngozi ilikuwa imechanika mkato wa ukubwa wa punje ya mchele, ilikwaruzwa na hesi siku zile ninapoitoa kwa kuipindua, na pembeni yake ile pete nyeupe ya karatasi ilikuwa imeanza kugeuka kahawia. Punje ya mchele. Hiyo betri sikuitumia tena, niliifunga vichwa na selotepu na ikaenda kwa wanaokusanya vyuma vya elektroniki.

Tangu siku hiyo kila betri inapita mkononi mwangu chini ya taa, nazungusha mzunguko mmoja mzima kabla ya kuingia, na nina pakiti ya ngozi mpya, zile za kubana kwa joto. Kuvisha ni rahisi: unachana ya zamani kwa ukucha, si kwa kisu, unaweka pete mpya ya karatasi kwenye kichwa, unavisha ngozi, unapuliza na drai ya nywele ya mke wangu kwa mbali mpaka inabana, ukiizidisha joto inakunjamana, anza upya. Ngozi moja ni kama shilingi 30. Kuinunua hapa ni shida, binamu huniletea.

Mambo mengine haraka haraka. Betri ikishuka volti 3.5 naitoa, usisubiri ife, hakuna cha kukuzuia kuimaliza kabisa na ikimalizwa hivo inaharibika. Chaja ya nje yenye nafasi mbili, nikiwa macho, si usiku. Kifunga swichi, ile pete ya kuzungusha, kinafungwa kila nikiiweka mfukoni, na nikipanda tuktuk ama feri ya Likoni natoa betri kabisa inakaa kwenye kikasha chake cha plastiki. Betri isiyo kwenye kikasha na funguo mfuko mmoja, hapana. Ndege ni kwenye begi la mkononi, si la chini, na kabla hujasafiri uliza sheria: Uganda sheria yao ya tumbaku ya 2015 imepiga marufuku veipu, Singapore na Thailand pia, utaacha elfu 14 yako mpakani. Pamba ya hospitali iliyopaushwa ilinipa ladha ya dawa, nikahamia pamba ya kikaboni. Juisi natumia ya gliserini asilimia 70, nikotini miligramu 3, ukizidisha nikotini kwa moshi wote huu kichwa kitakuzunguka.

Mie nilivuta sigara miaka 11 na hii imenitoa, tangu ilipofika sijavuta sigara tena. Kama huvuti, usianze na hii wala na nyingine yoyote, nikotini inashika. Na kijana wa chini ya miaka 18 asiniulize chochote.

Kwa nini nimewakatalia wale watatu? Nilimuuliza kila mmoja swali moja tu, koili ya 0.2 kwenye betri iliyojaa ni ampea ngapi. Mmoja akasema tutaangalia mtandaoni. Mwingine akasema mie nitakuwa navuta kidogo tu. Wa tatu, ambaye ni rafiki yangu wa toka utotoni, akasema wewe utanitengenezea. Hapo ndo nilisikitika zaidi manake ningependa awe nayo, lakini sitakuwa naye kila anapobadilisha betri. Huyo nilimshauri achukue modi ya chipu, zile zenye chipu ya DNA ya Evolv wa Marekani kama mfuko unaruhusu, ama hata ya kawaida ya bei ya chini, inapima koili yenyewe, inakata shoti yenyewe, inazima betri ikishuka. Ladha anapata nzuri tu. Ananiambia anafurahi nayo.

Alama zangu: utengenezaji 10 kwa 10, hesi hizo sijaona mfano wake. Ladha 9. Urahisi wa kuishi nayo 4, na hiyo 4 ni kwa mtu anayependa kufungua na kusafisha vitu, kwa asiyependa ni 1. Thamani ya pesa, kwa mtumba, 9, manake ndani hakuna cha kuungua wala cha kupitwa na wakati, plastiki ya swichi ikichoka fundi yeyote wa kukereza anakukatia nyingine.

Betri zangu mbili za VTC5A zinatimiza mwaka mwezi ujao na moja inaanza kupata vuguvugu kwenye chaja kuliko mwenzake, kwa hivyo zote mbili zinatoka pamoja. Binamu yuko njiani kurudi, nimeagiza nne, na zikifika zinapitia kwanza kwenye mizani ya yule mzee.